Gari Jeupe, Kitambaa Cheupe

Mtu anayepaka gari lake nta hapa Butembo huonekana ana kichaa kidogo. Sisi wa Mususa tunalijua vumbi letu. Mwezi wa saba linapanda jekundu nyuma ya kila pikipiki, linaingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye unga, hadi katikati ya kurasa za Biblia. Mvua za mwezi wa tisa zikianza, vumbi lile lile linageuka tope na kupanda milangoni mwa gari mpaka kwenye vioo. Lami tunayo katikati ya mji, na vipande vingine hapa na pale. Ukitoka getini ukapiga kona mbili, kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Ndiyo maana jirani akinikuta nimechuchumaa na kikopo changu cha nta, hunipa pole kwanza, ndipo anisalimie.

Tena huu ni mji wa biashara, na wafanyabiashara wetu wa zamani hawakujijenga kwa mng'ao. Mtoto yeyote hapa ameshamwona mzee mwenye madepo na kontena lililo njiani kutoka Mombasa, akishuka kwenye Land Cruiser ambayo rangi yake haijulikani, amevaa sweta lililotoboka viwiko, maana asubuhi zetu, juu ya mita 1,700, zina baridi. Yule mwenye gari linalometa ndiye anayeulizwa maswali mengi kabla ya kukopeshwa. Nimekulia katika akili hiyo na sijaiacha. Kwa hiyo nilipoanza kuosha Carina yangu mwenyewe, nyumbani, kwa mikono, na kuing'arisha, na kuipaka nta, sikuwa nawatafuta wa barabarani. Wao wana shughuli zao.

Wengi hupeleka magari mtoni. Vijana wapo kando ya Kimemi na vijito vingine, na ndoo zao na brashi zao, na kwa franga kidogo gari linakuwa tayari kabla hujamaliza kuongea kwenye simu. Tope na mafuta vinateremka na maji, na chini kidogo, kwenye maji hayo hayo, mama anafua. Mwisho wanapitisha kitambaa chenye mazutu, yaani dizeli, juu ya matairi na plastiki nyeusi za bampa, navyo vinameta kweli. Vinameta mpaka vumbi la kwanza, kwa sababu mazutu hunasa vumbi, na siku zikipita huulegeza mpira na kuuharibu. Siwalaumu vijana. Mteja analipa kile ambacho jicho lake linaona dakika ile anapotoa pesa mfukoni, nao wanampa hicho.

Nyumbani nako maji si kitu cha mchezo. Parseli nyingi hazina bomba. Maji hutoka kwenye chemchemi bondeni na kupanda kilima ndani ya bidoni ya lita 20, mara nyingi mgongoni mwa mama au binti, kamba ikiwa imepita juu ya paji la uso. Aliyekua akiiona alama ya kamba ile kwenye paji la uso la mama yake hawezi kumwagia chuma bidoni tano kwa ajili ya urembo. Kwangu ni marufuku maji ya chemchemi kugusa gari. Carina inaoga maji ya mvua, yale yanayoteremka batini hadi kwenye pipa, na mvua isiponyesha haiogi. Niliweka sheria hiyo kwa heshima tu, kumbe ina faida nyingine: maji ya mvua hayana chokaa, hayaachi madoa meupe yakikauka. Ila mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite. Hiyo inaosha bati.

Na Butembo ni vilima. Unachomwaga wewe, jirani wa chini anakipokea. Kabla ya kumwaga ndoo ya kwanza nilimshukia mama anayelima maharagwe chini ya parseli yetu, nikamuuliza, "Mama, nikioshea gari pale juu, mayi itapita wapi?" Akaniangalia kwa muda, akanyoosha kidole. "Itapita wapi tena, Papa? Itanipitia mimi." Tukachimba mfereji mdogo pamoja, ukageuza maji kuelekea kwenye majani makavu nyuma ya choo. Mfereji huo leo unafanya kazi zaidi ya ile tuliyoikusudia: mvua kubwa ikija, haimbebei tena mama udongo wake.

Ninayefanya naye kazi ni mpwa wangu. Alikuja kuishi kwetu kutoka upande wa Beni, baada ya mashamba ya familia kuwa mahali pa kufa. Watu waliosoma habari za Beni tangu Oktoba 2014 wanajua ninachosema, na wale ambao hawajui sitawaeleza katika maandishi yanayohusu gari. Ni kijana wa maneno machache, na siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu, ndoo mkononi.

"Mjomba, juu ya nini tunaosha, na kesho itachafuka tena?"

Jibu jepesi lilikuwepo, lile la kwamba hata mtu huoga ingawa kesho atanuka. Nikalimeza. Kijana aliyeacha shamba lililopandwa haulizi kitu kama hicho ili apewe methali. Nikamwambia tuanze, tutajibizana kwa kazi.

Gari halioshwi juani. Hapa tulipo, karibu kabisa na Ikweta na juu ya milima, jua la saa sita hukausha povu kabla hujalisuuza, na povu lililokauka huacha michirizi. Sisi tunaanza mapema, chini ya mparachichi. Kwanza maji matupu, kutoka paa kwenda chini, bila kugusa kitu, ili chembe za mchanga ziteremke zenyewe. Anayetanguliza kitambaa anauburuta mchanga juu ya rangi, na ile mikwaruzo myembamba ya mviringo unayoiona jua la jioni likilala juu ya kapo, yaani boneti, hutoka hapo. Ndoo ni mbili: moja ya povu, moja ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye povu. Kitambaa kikianguka chini, siku yake imekwisha. Sabuni ya unga ya kufulia hapana, wala kipande cha sabuni ya mawese. Zinajua kuondoa mafuta, na nta kwa sabuni hizo ni mafuta tu. Magurudumu yawe ya mwisho, na kitambaa chao kisiguse kitu kingine.

Haya yote mtu anaweza kuyasoma popote. Ambalo sikulisoma ni kwamba mkono ukishapita juu ya gari zima, unajua mambo. Unajua msumari uliozama kwenye tairi la nyuma na bado haujatoa upepo. Unajua boliti ya kibao cha namba imeondoka, na kwamba mlango wa kushoto umegongwa na mtu ambaye hakusema. Ndani ya matao ya magurudumu tope hujibana safu juu ya safu. Toa donge katikati ya kiangazi, wakati dunia yote imekauka, ulivunje: ndani bado kuna unyevu. Chuma kimelala na unyevu huo tangu mwezi wa tano. Udongo wetu wenyewe ni mwekundu kwa sababu ya kutu, ni chuma cha mawe ya kale kilichoshikana na oksijeni. Kwa hiyo bati la gari lililopakwa udongo huo linaonyeshwa kila siku mahali linapokwenda.

Mpwa wangu ndiye aliyekiona kipele. Kilikuwa chini ya mlango wa nyuma, kidogo sawa na punje ya mtama, rangi imevimba kana kwamba kuna pumzi ndani. Akakibonyeza, kikapasuka, kukatoka unga wa kahawia.

"Sasa umejibiwa," nikamwambia. "Tunaosha ili tuone."

Nilikuwa na sababu ya kulisema hilo kwa uhakika, na haikuhusu magari. Mama yetu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, dada yangu ndiye aliyekuwa akimwogesha. Sisi wanaume tulikuja na sukari na maziwa, tukakaa kwenye viti, tukamuuliza habari, akatujibu nzuri. Dada ndiye aliyejua mgongo umeanza kuchubuka, ndiye aliyejua mguu mmoja umevimba zaidi ya mwingine, ndiye aliyemwambia daktari vitu ambavyo daktari alivihitaji. Hakuwa na elimu ya uuguzi. Alikuwa na beseni na kitambaa.

Basi, kung'arisha. Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, na hapa ndipo watu wanapoharibu magari.

Carina hii ni ya miaka ya tisini, Toyota waliacha kuziunda mwaka 2001, na kama ndugu zake wengi ilikuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika, usukani kulia ilhali sisi tunatembelea kulia, hivi kwamba ukitaka kulipita lori unamwomba abiria akuchungulie. Rangi yake nyeupe ni ya aina ya zamani, haina ile safu ya juu inayoonekana kama kioo. Jua la miaka mingi lilikuwa limeifanya kuwa na unga unga, ukiigusa kidole kinatoka na chokaa. Tukaanza na polishi, kipande kidogo kidogo, kwa kuzungusha. Weupe ukafunguka chini ya mkono wa kijana. Akaongeza nguvu, akaangalia kitambaa chake, akafurahi.

"Mjomba, angalia uchafu yenye inatoka!"

Kitambaa kilikuwa cheupe pe.

"Hiyo haiko uchafu," nikamwambia. "Hiyo ni gari yenyewe."

Akasimama. Sidhani kama nimewahi kumwona akisimama vile. Maana ndivyo polishi inavyofanya kazi: ndani yake mna chembe ndogo ngumu zinazokwangua. Mkwaruzo hauzibwi, rangi iliyo kando yake ndiyo inayoteremshwa mpaka zilingane. Kwenye magari ya sasa, safu ile ya juu kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 au 50 tu, pungufu ya unywele wa wengi wetu. Kila unapong'arisha unatoa kidogo katika hicho, na hakirudi. Gari linaweza kung'arishwa mara chache katika maisha yake. Anayeling'arisha kila Jumamosi anaelekea kwenye bati, huku akisifiwa njia nzima.

Nimeyafikiria hayo mara nyingi kuliko yanavyostahili, labda. Mjini kwetu biashara kubwa ilijengwa kwa jina la mtu. Mfanyabiashara wa Butembo aliweza kupewa mzigo Nairobi au Dubai, na baadaye Guangzhou, kwa sababu kuna mtu aliyesema, huyu ni mtoto wa fulani, atalipa. Jina la namna hiyo lilikuwa nene. Nimewaona waliolirithi wakaanza kulisugua: harusi ya magari thelathini, nyumba ya ghorofa inayotazama barabara, mchango unaotangazwa kanisani kwa kipaza sauti. Kila kimojawapo kilitoa mng'ao wa kweli, siwezi kukana, na kila kimojawapo kililipiwa na unene ule ule ambao baba aliuacha. Siku walipouhitaji mkopo wa kweli, mwenye mali Kampala aliomba dhamana ya karatasi. Hawakuelewa ni lini walikuwa wamefika kwenye bati.

Lakini nisiwaonee matajiri peke yao. Mwaka 2018 sisi sote tulifundishwa kuyasoma magari meupe.

Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti, ikafika Beni, ikafika kwetu, na Katwa na Butembo zikawa kiini cha moto. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Riposti, kama tulivyoiita kampeni ya kupambana na ugonjwa huo, ilikuja na jipu safi nyingi, vioo vimepandishwa, na sisi tuliokuwa tumeomba msaada miaka yote wakati watu wa Beni wanachinjwa tukauliza: kumbe magari haya yalikuwepo? Watu wakasema ni biashara ya Ebola. Magari yakarushiwa mawe. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari Mkameruni, Richard Mouzoko, aliyekuja kutusaidia, akauawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu hapa mjini. Aibu ile bado iko nasi.

Miezi hiyo Carina yangu, nyeupe nayo, niliiacha chafu kwa makusudi. Nilitaka ionekane ya Mususa. Na kwenye avenyu yetu, waliokubali chanjo mwanzoni hawakushawishiwa na mtu yeyote aliyeshuka garini. Alikuja muuguzi tunayemjua, wa kituo cha afya cha karibu, kwa miguu, viatu vimejaa tope, akakaa kwenye benchi la mama muuza ndizi akaongea Kinande mpaka jioni. Dawa ilikuwa moja, ile iliyokuwa kwenye magari. Sisemi magari yangepakwa tope. Nasema mng'ao huongea kabla mwenye gari hajafungua mlango, na wakati mwingine unasema kitu ambacho hakukusudia.

Nta ni habari nyingine kabisa, na mimi nimekuwa mtu wa nta.

Haitoi kitu. Inakaa juu tu, na kazi yake si kumeta, ingawa inameta. Nta ngumu inayosifiwa kwenye vikopo hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi uitwao carnauba, unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, kwenye ukame. Jani linajipaka nta ili maji yake yasitoroke. Nyuki wa porini upande wa Mambasa, wale ambao asali yao tunainunua kwenye chupa kuukuu, hutoa nta matumboni mwao ili watoto na chakula wapate nyumba. Mti haukuwa unajipamba, na nyuki hawakuwa wanajipamba. Tulikuja sisi, tukaona kitu kilichotengenezwa kwa kutunza, tukakiita urembo kwa kuwa kinang'aa.

Inapakwa nyembamba, nyembamba sana, karibu usione ulichopaka. Vijana wote hupaka nene wakidhani wanaongeza ulinzi. Kinachozidi kinafutwa na kitambaa, pesa imetupwa. Paka kidogo, ngoja mpaka iwe ukungu, futa, geuza kitambaa, futa tena. Kwa mvua zetu na jua letu inadumu majuma kadhaa, pengine miezi miwili, kisha inakwisha kimya kimya bila kukuaga. Utajua kwa maji: mvua ikinyesha na matone hayajikunji tena juu ya kapo, yanatandazika tu, basi uko wazi.

Faida yake kubwa ni ile ambayo mama mwenye maharagwe aliielewa haraka kuliko majirani zangu wenye digrii. Vumbi halishiki kwenye nta. Ukimwagia maji linateremka, na gari ambalo lilikuwa linahitaji bidoni nne sasa linatosheka na moja na nusu. Povu limepungua mferejini. Mkono unasugua kidogo, kwa hiyo rangi inakwisha kidogo, kwa hiyo polishi haihitajiki. Tangu ule mwaka wa kitambaa cheupe hatujaigusa tena.

Na nta yangu nyingi haiendi kwenye kapo. Inaenda kwenye kingo za milango, kwa ndani, mahali ambapo mtu huona tu akiinama. Kwenye mshono wa buti. Kuzunguka kile kipele cha zamani, ambacho fundi alikikwangua mpaka chuma safi, akapaka rangi ya kuzuia kutu, na rangi nyeupe ambayo hailingani vizuri na nyingine. Doa linaonekana. Wageni hunionyesha kwa huruma, nami huwashukuru.

Majuzi alikuja bwana mmoja wa Beni, anatafuta Carina. Mpya hazipo tena, na za zamani nyingi zimeliwa chini. Aliizunguka mara moja bila kutazama rangi kabisa. Kisha akavua koti, akapiga magoti kwenye mchanga, akapitisha mkono ndani ya tao la gurudumu la nyuma, akagonga chini ya milango kwa kifundo cha kidole huku akisikiliza, akainua zulia akanusa. Aliposimama, magoti mekundu, akataja bei ambayo ilinifanya nisogee kivulini nihesabu vizuri. Mpwa wangu, aliyekuwa ameegemea mparachichi na kitambaa begani, hakuningoja.

"Papa, ile haiko ya kuuzisha."

Bwana akanitazama mimi, mwenye gari. Nikainua mabega. Akacheka, akajipangusa magoti, akamwuliza kijana anatoza kiasi gani kumwoshea na kumpakia nta lile lake alilokuja nalo, RAV4 yenye safari nzima ya barabara ya taifa namba 2 mbavuni. Kijana akalizunguka polepole, akachungulia chini ya matao, akavunja donge moja la tope kwa vidole, akataja bei. Ilikuwa kubwa. Bwana akaipunguza, kijana akairudisha, wakakutana njiani.

"Lakini mayi ni ya mvula," akaongeza. "Kama hainyeshe, utangoja."